Tusimlaumu kijana wa ndoo

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wanaweza kuliona dogo, lakini ambalo kila Jumamosi asubuhi linaharibu mali za watu huku wenyewe wakitazama na kufurahi. Jambo lenyewe ni namna tunavyoosha magari yetu majumbani.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mkasa uliotokea mtaani kwetu hapa Tabata. Jirani yangu mmoja ana gari dogo alilolinunua kwa akiba ya miaka mingi. Usiku hulilaza chini ya mwembe, na kama ijulikanavyo, msimu wa maembe popo hawalali. Asubuhi moja akakuta boneti imejaa kinyesi chao. Akamwita kijana anayemlindia nyumba, akampa ndoo, sabuni ya unga na tambara, kisha akaingia ndani kunywa chai. Kijana akasugua, madoa yakagoma. Akaenda jikoni akachukua waya wa kusugulia masufuria. Jirani alipotoka, madoa yalikuwa yametoka kweli, lakini na rangi nayo ilikuwa imeondoka pamoja nayo.

Zikawa kelele. Mwenye gari alitaka kumkata kijana mshahara wa miezi mitatu. Majirani tukaitwa kusuluhisha. Kijana alipoulizwa alijibu kwa adabu: "Mzee wangu, sikukusudia. Nilijua ni bati, na bati likisuguliwa linang'aa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu gari langu mwenyewe nimeliosha kwa sabuni ya unga kwa miaka mingi, nikalifuta kwa fulana kuukuu iliyookotwa chini, na leo paa lake limepauka kama ukuta uliopakwa chokaa. Tofauti yangu na kijana yule ni kwamba yeye alimaliza kazi kwa asubuhi moja, nami niliifanya polepole.

Nikamwuliza jirani swali moja tu: "Ndugu yangu, ulimfundisha lini?" Hakujibu. Na swali hilo, Ndugu Mhariri, ndilo ninalotaka kuwauliza wenye magari wote. Tunampa kijana ndoo na tambara, hatumpi maarifa wala vifaa, kisha gari likiharibika tunamtafuta wa kulaumiwa.

Kwanza tuelewe tunachokiosha. Wengi wetu tunadhani rangi ya gari ni urembo. Rangi ni ngozi. Chini kabisa kuna bati, juu ya bati kuna praima inayozuia kutu, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 na 1990 kuna tabaka la mwisho lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Hilo ndilo linalong'aa, na ndilo linalopokea jua, mvua na vumbi kwa niaba ya yote yaliyo chini yake. Unene wa klia kwa kawaida ni kiasi cha mikroni 40 au 50, yaani vipande 20 hadi 25 vya namna hiyo vikipangwa pamoja hufanya milimita moja. Ni nyembamba kuliko unywele wa wengi wetu. Sasa fikiria tabaka hilo likisuguliwa kwa waya wa jikoni.

Lakini hata tambara lina makosa yake. Vumbi la barabara zetu si unga laini wa ngano. Ndani yake mna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi. Anayeanza kufuta gari kavu lenye vumbi anapiga msasa bila kujua. Anayechovya tambara ndooni, akafuta mlango, akalirudisha katika ndoo ile ile, akafuta boneti, anauhamisha mchanga wa mlangoni kuupeleka kwenye boneti. Ukitaka ushahidi, simama pembeni ya gari jeusi wakati jua linawaka: utaona vijimstari vingi vya duara kama utando wa buibui. Vijimstari hivyo havikutoka kiwandani. Ni kazi ya Jumamosi zetu.

Sabuni ya unga nayo ilitengenezwa kwa ajili ya nguo. Ni kali, inatoa mafuta na jasho kwenye kola ya shati, na kwa ukali huo huo inaiondoa nta yote iliyopakwa juu ya rangi ili kuikinga. Isipoyeyuka vizuri, chembe zake nazo zinakwaruza. Ikikaukia juani inaacha madoa meupe. Sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa magari inauzwa katika maduka mengi ya vipuri, na kwa kuwa hutiwa kidogo tu katika ndoo nzima, chupa moja hukaa muda mrefu. Anayesema ni ghali apige hesabu ya kupaka rangi boneti moja, kisha aje tuzungumze.

Namna ya kuosha si elimu ya chuo kikuu. Weka gari kivulini, asubuhi au jioni, bati likiwa limepoa. Anza na magurudumu, kwa ndoo na brashi yake peke yake, maana huko ndiko kuliko na uchafu mbaya kuliko wote. Kisha mwagia mwili wote maji matupu, kutoka juu kwenda chini, mpaka vumbi na tope vimeanguka vyenyewe kabla mkono haujagusa rangi. Halafu chukua ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa. Chovya katika sabuni, osha sehemu moja kwa mwendo ulionyooka bila kukandamiza, suuza kitambaa katika ndoo ya pili, kisha ndipo urudi kwenye sabuni. Anzia paa, malizia sehemu za chini na bampa. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando, usikirudishe kwenye rangi. Mwisho suuza gari lote na ulikaushe kwa taulo laini au kitambaa cha maikrofaiba. Usiliachie jua likukaushie, hasa sisi tunaotumia maji ya visima vya Dar es Salaam ambayo mengi yana chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki pale pale.

Kwa njia hii gari dogo linaoshwa kwa ndoo tatu nne. Mpira wa maji unaoachwa unamwagika chini huku mwoshaji akipiga soga unamaliza nyingi zaidi ya hizo. Hatupaswi kusahau kwamba mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua maji na jiji hili likaingia katika mgao. Watu walipanga foleni na madumu. Mwenye kumwaga maji ovyo kwenye matairi leo akumbuke foleni zile.

Jambo la pili ambalo linawachanganya wengi ni polishi na nta. Mtu anasema, "Gari langu nalipiga polishi kila wiki," na anajisifu. Ndugu zangu, hivyo ni vitu viwili tofauti. Polishi, na zaidi kompaundi, ina chembe za kusaga. Inang'arisha kwa kuondoa tabaka jembamba la rangi pamoja na mikwaruzo iliyomo. Kila ukipiga, umepunguza. Ukipiga mara kwa mara, hasa kwa mashine na katika kona za bati, siku moja utafika kwenye praima. Nta haipunguzi kitu, inaongeza. Inakaa juu ya rangi kama mafuta ya nazi yanavyokaa juu ya ngozi, ili jua, vumbi na maji ya chumvi vigombane nayo kwanza. Ile iliyosifiwa tangu zamani hutoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi uitwao karnauba. Siku hizi zipo pia za kiwandani ambazo hukaa miezi kadhaa, na zile za seramiki ambazo wauzaji huzisifia sana. Hata hizo za seramiki hazimpi mtu ruhusa ya kuosha gari kwa tambara lenye mchanga.

Kwa hiyo polishi ipigwe kwa nadra, pale tu panapokuwa na sababu, na nta ipakwe mara kwa mara. Paka kidogo sana kwenye gari lililokwisha kuoshwa na kukauka, tena kivulini, iache ifanye ukungu, kisha ifute kwa kitambaa safi. Utajuaje kama nta bado ipo? Mwagia maji. Yakijikusanya kuwa matone kama juu ya jani la myugwa, ipo. Yakitandazika na kulala, jua kwamba gari liko uchi, paka tena. Katika jua letu, nta ya kawaida usiitegemee zaidi ya wiki chache.

Kinyesi cha ndege na popo, na utomvu wa miti, visisubiri Jumamosi. Vina asidi, na bati likipata joto la mchana asidi hiyo inakula rangi na kuacha alama isiyofutika. Lakini visisuguliwe vikiwa vikavu. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa kwa dakika kumi, doa likilainika litatoka lenyewe kwa kupangusa tu. Kama kijana wa jirani yangu angeambiwa maneno hayo machache, waya wa jikoni ungebaki jikoni.

Niseme sasa juu ya magurudumu, kwa kuwa hapa uzembe unaweza kuleta ajali. Ule unga mweusi unaoganda kwenye rimu za mbele ni mabaki ya pedi za breki na chuma cha diski. Unatoka ukiwa wa moto na unajishikiza kwenye rimu. Ukiachwa miezi, haitoki tena kwa sabuni, na hapo ndipo watu hukimbilia dawa za kusafishia vyoo au maji ya betri. Hizo ni asidi kali. Zinababua rimu za aluminiamu na mikono ya anayeosha. Rimu zikioshwa kila wiki kwa brashi laini na sabuni ya gari, asidi haihitajiki kamwe. Wala usimwagie maji baridi magurudumu mara tu baada ya safari ndefu, kwa sababu diski ya breki yenye moto ikipoozwa ghafla inaweza kupinda.

Kuhusu matairi, ipo tabia ya kuyapaka oili chafu au dizeli ili yawe meusi. Mafuta ya namna hiyo hulainisha na kudhoofisha mpira, na tone likifika kwenye diski au pedi, breki haishiki. Wapo pia wanaopaka dawa ya kung'arisha hadi sehemu inayokanyaga barabara. Kwa bodaboda hilo ni hatari kubwa, maana pikipiki hulala kwenye kona kwa ubavu wa tairi. Tairi lioshwe kwa brashi na sabuni, basi. Akitaka uweusi, apake dawa ya maji iliyotengenezwa kwa matairi, ubavuni tu, na kidogo. Na baada ya kuosha, kabla ya kushika barabara kuu, akanyage breki mara mbili tatu polepole zikauke.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi ya bahari. Hewa yenyewe inaileta hadi uani. Anayepitisha gari ufukweni au kuegesha karibu na maji, na asioshe chini ya gari na ndani ya madongo ya matairi, anafuga kutu. Zaidi ya hayo, magari mengi tunayoletewa yametumika kwanza Japani, na katika mikoa ya kaskazini ya nchi ile barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari linaweza kufika hapa likiwa limeanza kuliwa chini. Kwa hiyo mwosha gari asiishie kwenye paa na boneti vinavyoonwa na majirani. Apige maji na chini. Na akiona mahali kokoto limebandua rangi, apake praima na rangi mapema, hata kama ni nukta ndogo, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua atatokea msomaji atakayesema: "Gari ni chuma tu, rangi ikichakaa nitapeleka gereji lipakwe upya." Simkatazi. Lakini ajue kwamba rangi ya kiwandani huokwa kwa joto linalozidi nyuzi 100 kabla gari halijafungwa viti wala mipira yake. Gereji ya kawaida haiwezi kuoka gari zima namna hiyo. Fundi hodari atapaka vizuri, nami nawaheshimu mafundi wetu, lakini ile ya kwanza ikishaondoka kuirudisha ilivyokuwa ni vigumu na ni gharama. Mnunuzi naye akiona gari limepakwa rangi upya, swali lake la kwanza ni kama lilipata ajali.

Atatokea na mwingine aseme kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, na wananchi wengi hawana hata baiskeli. Ni kweli. Lakini dereva wa teksi na mwenye kigari cha kubebea mizigo sokoni wanakula kutokana na magari hayo. Yapo pia magari ya umma, ya hospitali, shule na halmashauri, ambayo yamenunuliwa kwa kodi ya huyo huyo asiye na baiskeli. Wazee wenzangu watakumbuka miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na kipuri kikitafutwa kama dawa. Magari yalitunzwa kwa sababu hapakuwa na jingine la kuagiza. Leo maduka yamejaa, lakini kila bati linalooza bado hubadilishwa kwa fedha za kigeni.

Nirudi kwa kijana. Katika miji yetu vijana wengi wanapata riziki kwa kuosha magari, wengine majumbani, wengine kandokando ya barabara. Ni kazi halali na ni kazi ya ufundi, ila sisi tunaowatuma tunaichukulia kama adhabu. Tunamlipa kijana kidogo, tunamharakisha, tunampa tambara la mwisho ndani ya nyumba. Wengine tunawapelekea magari mtoni ili tukwepe bili ya maji, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mafuta na sabuni vikiingia mtoni, chini yake yuko mtu anayechota maji au kumwagilia mchicha. Kijana akikamatwa huko, mwenye gari hayupo.

Kwa maoni yangu, kila mwenye gari anayemtuma mtu kuliosha afanye mambo matatu. Kwanza, aoshe naye mara moja, bega kwa bega, ndoo kwa ndoo, ili amwonyeshe. Pili, anunue vifaa: ndoo mbili, brashi ya magurudumu, sabuni ya gari, vitambaa viwili laini na kopo la nta. Tatu, amlipe kwa kazi hiyo kama anavyomlipa fundi. Baada ya hapo, kijana akichukua waya wa jikoni, tutakuwa na haki ya kuuliza.

Jirani yangu alikubali kuuacha mshahara wa kijana ulivyo. Boneti bado ina kovu lake. Jumamosi iliyofuata niliwakuta wote wawili uani, gari likiwa limesogezwa mbali na mwembe, mzee amekunja suruali, kijana anasuuza kitambaa katika ndoo ya pili. Mzee alikuwa akiuliza kama sasa ni zamu ya mlango au ya bampa, na kijana ndiye aliyekuwa akimwelekeza.



Mwenye Paa Lililopauka,
Tabata, Dar es Salaam.